Robert Ruark: Aliuogopa uhuru, jina la kitabu chake likapaa hadi angani

WAPENZI wa filamu za safari za anga za juu wanamfahamu vyema Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano katika chombo cha Enterprise, kwenye mfululizo maarufu wa Star Trek. Wachache mno wanajua kwamba jina la mwanamke huyo mweusi lilichotwa kwenye jalada la riwaya iliyoandikwa kuhusu Kenya. Na wachache zaidi wanajua kwamba mtunzi wa riwaya hiyo hakuutakia mema uhuru ambao alikipa kitabu chake jina lake.

Mtunzi huyo ni Robert Chester Ruark, Mmarekani aliyefariki mwaka 1965 akiwa na umri wa miaka 49. Katika miaka ya hamsini vitabu vyake viliuzwa kwa wingi Ulaya na Marekani, na kwa wasomaji wengi wa huko Kenya waliyoifahamu ni ile aliyoichora yeye: Kenya ya wawindaji, walowezi na hofu ya Mau Mau.

Mazingira ya riwaya zake yanafanana na nchi anayoiona msafiri atokaye Nairobi kuelekea kaskazini, akipita Ruiru hadi Thika: mashamba makubwa ya kahawa na mkonge, nyumba ya mlowezi juu ya kilima, na vibanda vya vibarua bondeni. Ndiyo nchi iliyogombewa kwa damu. Kisa cha maisha ya Ruark ni kisa cha mtu aliyeitazama nchi hiyo kutoka ndani ya nyumba ya kilimani, akaisimulia dunia nzima aliyoyaona, kisha neno moja likamponyoka na kwenda mahali ambapo hakulituma.

Malezi ya babu

Ruark alizaliwa Desemba 29, 1915, mjini Wilmington katika jimbo la North Carolina, kusini mwa Marekani. Huo ulikuwa ukanda ambao ubaguzi wa rangi ulikuwa sheria iliyoandikwa. Weusi na weupe walisoma katika shule tofauti na kuketi sehemu tofauti za magari ya abiria. Kijana aliyekulia humo aliuona utaratibu huo kama hali ya kawaida ya ulimwengu.

Aliyemlea kwa hakika ni babu yake mzaa mama, nahodha wa zamani aliyeishi Southport, mji mdogo ulio kwenye mlango wa mto Cape Fear. Mzee huyo alimfundisha kuvua samaki, kupiga bunduki, kuwafunza mbwa wa mawindo na kusoma vitabu. Miaka mingi baadaye Ruark alimwandikia ukumbusho katika makala za jarida la Field & Stream, ambazo zilikusanywa mwaka 1957 kuwa kitabu cha The Old Man and the Boy. Wako Wamarekani wengi ambao hadi leo humkumbuka kwa kitabu hicho pekee.

Mdororo mkuu wa uchumi ulioanza mwaka 1929 uliiangusha familia yake katika ufukara. Hata hivyo, akili za kijana huyo zilikuwa kali. Alijiunga na Chuo Kikuu cha North Carolina akiwa na miaka 15 tu, akahitimu mwaka 1935. Alianzia kazi ya uandishi katika magazeti madogo ya jimbo lake, akawahi kuwa baharia, kisha akaingia katika gazeti la Washington Daily News. Vita vya Pili vya Dunia vilimkuta akiwa mwanahabari na kumpeleka katika jeshi la wanamaji.

Baada ya vita ndipo nyota yake ilipong'aa. Makala zake, zilizosambazwa na shirika la Scripps-Howard, zilichapishwa katika magazeti mengi kote Marekani. Aliandika kwa kejeli na kwa hasira, wala hakumwogopa mtu. Mwaka 1947 aliandika kuhusu mwimbaji Frank Sinatra kuonekana mjini Havana pamoja na jambazi mashuhuri Lucky Luciano. Mwaka huo huo alifichua manyanyaso waliyotendewa askari wa kawaida wa Marekani nchini Italia. Alipata fedha na sifa, na akapata pia mazoea ya pombe yaliyokuja kumgharimu.

Safari ya mwaka 1951

Mwaka 1951, akiwa amechoshwa na kazi na maisha ya mjini, alikuja Afrika Mashariki pamoja na mkewe Virginia kwa safari ya uwindaji. Aliyemwongoza alikuwa Harry Selby, mwindaji kijana aliyekulia katika shamba karibu na Nanyuki. Sehemu kubwa ya safari hiyo ilikuwa Tanganyika. Ruark alirudi kwao akiwa ameshikwa na mapenzi ya bara hili, na mwaka 1953 akachapisha Horn of the Hunter, kitabu kilichompatia Selby wateja wengi kutoka Marekani.

Ruark hakuwa wa kwanza kuifuata njia hiyo. Mwaka 1909 Rais mstaafu wa Marekani, Theodore Roosevelt, alikuja kuwinda na kukaribishwa katika shamba la Juja, lililo upande wa Thika, na Mmarekani mwenzake tajiri, William Northrup McMillan. Mwenyeji huyo amezikwa kwenye mlima wa Kilimambogo, unaoonekana waziwazi kutoka Thika. Roosevelt aliandika kitabu kuhusu safari yake. Ernest Hemingway akafuata katika miaka ya thelathini, naye akaandika chake. Ruark aliingia katika nyayo hizo akijua anazikanyaga, na wahakiki hawakusita kumlinganisha na Hemingway kwa namna isiyompendeza.

Katika vitabu vya aina hiyo, Mwafrika yumo kila ukurasa, lakini yumo kwa kazi maalumu. Ndiye mbeba bunduki, msoma nyayo, mpishi au dereva. Hutajwa kwa jina, husifiwa kwa ushujaa, hata hupendwa. Asichokuwa nacho ni ardhi. Hakuna mahali ambapo mgeni huyo humwuliza mbeba bunduki wake shamba la baba yake lilikuwa wapi kabla ya reli na kahawa. Ruark alijifunza Kiswahili cha safarini na kukitapakaza katika kurasa zake, lakini ni Kiswahili cha kuagiza chai, kuni na risasi.

Damu na wino

Oktoba 3, 1952, mwanamke Mzungu alichomwa kisu hadi kufa karibu na nyumba yake Thika. Alikuwa mtu wa kwanza wa rangi yake kuuawa katika vita vya Mau Mau. Siku chache baadaye Chifu Mkuu Waruhiu akapigwa risasi, na Oktoba 20 Gavana Evelyn Baring akatangaza hali ya hatari. Jomo Kenyatta na viongozi wenzake wakakamatwa usiku huo. Januari 1953 familia ya walowezi, pamoja na mtoto wao mdogo, iliuawa huko Kinangop, na habari zake zikaenea ulimwenguni pamoja na picha.

Kwa mwanahabari aliyekwisha kuipenda Kenya ya walowezi, hiki kilikuwa kisa kisichoweza kuachwa. Ruark alirudi, akakaa na wenyeji wake wa zamani, akasikiliza masimulizi yao, akasoma yaliyoandikwa na serikali kuhusu viapo. Mwaka 1955 akatoa riwaya nene aliyoiita Something of Value.

Riwaya hiyo inawahusu vijana wawili waliolelewa pamoja katika shamba moja. Peter ni mtoto wa mlowezi. Kimani ni mtoto wa mfanyakazi wa Kikuyu. Wanacheza na kuwinda pamoja hadi siku Kimani anapopigwa kofi kwa sababu ya rangi yake. Kutoka hapo njia zao zinaachana: mmoja anakuwa mwindaji wa wanyama na baadaye wa watu, mwingine anaingia msituni. Hoja ya mtunzi ni kwamba Mzungu aliziondoa mila za Mwafrika bila kumpa badala yake jambo lenye thamani, na pengo hilo ndilo lililojazwa na ukatili.

Lazima isemwe kwamba hoja hiyo ilimlaumu Mzungu kidogo, na wapo walowezi waliokasirishwa nayo. Lakini ilikwepa jambo lenyewe. Wakikuyu wa Kiambu na Murang'a hawakuingia msituni kwa kupotewa na mila. Waliingia kwa sababu ya ardhi, kipande, kodi na maisha ya uskwota. Mtu aliyeishi Ruiru au Thika kama kibarua aliamka kila asubuhi na kupalilia kahawa ambayo yeye mwenyewe, kwa miaka mingi, alikatazwa kuipanda, katika udongo ambao wazee wake walimwonyesha mipaka yake. Ruark aliyaeleza mapanga na viapo kwa kurasa nyingi. Ardhi aliipita haraka.

Wala hesabu ya waliokufa haikumsaidia msomaji wake kuona mizani ilivyoelemea. Walowezi waliouawa katika kipindi chote cha hali ya hatari walikuwa 32. Wafungwa walionyongwa kwa hukumu ya mahakama walizidi 1,000, mbali na maelfu waliouawa vitani na makumi ya maelfu waliofungiwa kambini.

Mwaka 1957 mambo mawili yalitokea ambayo, yakiwekwa bega kwa bega, yanaeleza mengi. Februari 18, Dedan Kimathi alinyongwa katika gereza la Kamiti, mwendo mfupi tu kutoka Ruiru, na kuzikwa humo katika kaburi lisilo na alama. Miezi michache baadaye kampuni ya MGM ya Marekani ikatoa filamu iliyotokana na riwaya ya Ruark, ikiongozwa na Richard Brooks na kupigwa kwa sehemu kubwa hapa Kenya. Rock Hudson aliigiza kama Peter, na Sidney Poitier, kijana aliyekuwa akianza kupata umaarufu, akawa Kimani. Mpiganaji wa kweli alinyamazishwa Kamiti. Wa kubuni akaonyeshwa katika kumbi za sinema za ulimwengu.

Hata hivyo Poitier alimpa Kimani hadhi ambayo kitabu kilimnyima. Watazamaji walimwona kijana mwenye akili, uchungu na sababu. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kazi ya Ruark kuponyoka mikononi mwake.

Kitabu cha hofu

Kufikia mwaka 1960 hali ya hatari ilikuwa imeondolewa na mazungumzo ya Lancaster House mjini London yalikuwa yameanza. Agosti 1961 Kenyatta aliachiliwa na kurudi nyumbani Gatundu, si mbali na Thika. Walowezi walianza kuuliza bei za mashamba yao. Neno moja lilikuwa midomoni mwa kila mtu, kuanzia mikutano ya hadhara hadi kuta za vyoo vya stesheni: uhuru.

Ruark alilichukua neno hilo na kulifanya jina la riwaya yake ya mwaka 1962. Mhusika wake mkuu, Brian Dermott, ni mwindaji na mwana wa walowezi anayejaribu kulishikilia shamba huku nchi ikibadilika. Wanasiasa Waafrika wanachorwa kuwa watu wa tamaa na ulaghai, viapo vinarudi, na kisa kinaishia katika damu. Msomaji wa New York au London aliyekifunga kitabu hicho aliachwa na imani moja: siku bendera ya Mwingereza itakaposhushwa, Kenya itateketea.

Bendera ilishushwa usiku wa kuamkia Desemba 12, 1963. Nchi haikuteketea. Miezi minne kabla ya siku hiyo Kenyatta alikuwa amekutana na walowezi mjini Nakuru, akawatuliza na kuwaomba wabaki walime. Baadhi waliuza na kuondoka, baadhi wakakaa hadi uzeeni. Kahawa iliendelea kuchumwa Ruiru na mananasi kupandwa Thika. Machungu ya uhuru yaliyokuja baadaye hayakuwa yale aliyoyatabiri Ruark. Yalikuwa ya watu waliopigania ardhi na kubaki maskwota huku mashamba yakiingia mikononi mwa wachache wenye uwezo. Hayo hakuyaona, kwa kuwa macho yake yalikuwa kwenye rangi ya mwenye shamba.

Jibu la Wakenya wenyewe lilikuja upesi. Mwaka 1964 Ngũgĩ wa Thiong'o, mzaliwa wa Limuru, alitoa riwaya yake ya kwanza kuchapishwa, Weep Not, Child, iliyosimulia miaka ile ile kutoka katika boma la familia isiyo na shamba. Baadaye, katika Decolonising the Mind cha mwaka 1986, Ngũgĩ alimweka Ruark waziwazi miongoni mwa waandishi walioeneza ubaguzi dhidi ya Mwafrika.

Ruark hakuishi kuyasoma hayo. Alikuwa amehamia Palamós, mji wa pwani nchini Hispania, ambako aliandika kwa bidii na kunywa kwa bidii zaidi. Ndoa yake ilivunjika. Ini lilimshinda, na Julai 1, 1965 alifariki mjini London. Alizikwa Palamós. Riwaya yake ya mwisho, The Honey Badger, ilitoka mwaka huo huo. Huku nyuma, kambi ya jeshi la Waingereza ya Templer, kandokando ya barabara ya Thika kabla ya kufika Ruiru, ilikabidhiwa serikali ya Kenya mwaka huo wa 1965 ili igeuzwe chuo. Leo ndipo palipo Chuo Kikuu cha Kenyatta.

Uhuru wageuka Uhura

Maji yakimwagika hayazoleki, na neno likishatoka mdomoni halina mwenyewe. Mwaka mmoja baada ya mazishi ya Ruark, mtayarishaji wa televisheni Gene Roddenberry, aliyewahi kuwa rubani wa vita na polisi wa Los Angeles, alikuwa akitafuta waigizaji wa mfululizo wake mpya kuhusu chombo kinachozunguka baina ya sayari katika karne ya 23. Miongoni mwa waliofika kujaribiwa alikuwamo mwimbaji na mchezaji dansi Nichelle Nichols.

Kwa mujibu wa tawasifu aliyoitoa mwaka 1994, Nichols alikwenda siku hiyo akiwa na kitabu alichokuwa akikisoma: Uhuru cha Robert Ruark. Watayarishaji waliliona jina, wakaulizia maana, wakalipenda. Wakaibadilisha herufi ya mwisho ili lisikike laini zaidi katika masikio ya Kimarekani, na afisa wa mawasiliano akaitwa Uhura. Kwa msemaji wa Kiswahili badiliko hilo ni la ajabu, kwa sababu nomino zetu hazina ncha ya kiume wala ya kike. Lakini asili ya neno haikufichika.

Star Trek ilianza kuonyeshwa Septemba 8, 1966. Katika kipindi hicho cha kwanza kabisa, kiumbe wa kigeni anajigeuza mwanamume mweusi na kumsemesha Uhura kwa Kiswahili. Mwaka 1967, katika kipindi kingine, mtambo unaifuta kumbukumbu yake yote, naye anapoanza kufundishwa upya lugha inayomtoka kinywani ni Kiswahili. Kiswahili cha kuagiza kuni na risasi kilikuwa kimekuwa lugha ya mama ya afisa wa angani.

Nichols alitaka kuacha baada ya msimu wa kwanza. Alisimulia mara nyingi kwamba aliyemzuia ni Martin Luther King, aliyemweleza kuwa kwa mara ya kwanza Wamarekani walikuwa wakimwona mwanamke mweusi aliyekaa mahali pake kwa haki na heshima. Miaka iliyofuata Nichols alilisaidia shirika la NASA kuwavutia wanawake na watu weusi katika kazi za anga. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani, Septemba 1992, alimtaja Uhura kuwa mmoja wa waliomtia hamu tangu utotoni.

Riwaya zilizozaliwa na filamu

Hapa ndipo kazi ya vitabu iliporudi, lakini kwa mpangilio uliopinduka. Kwa Ruark, riwaya ilitangulia na filamu ikafuata. Kwa Star Trek, picha zilitangulia na riwaya zikafuata. Tangu mwaka 1967 mwandishi James Blish aliyageuza masimulizi ya televisheni kuwa hadithi fupi za vitabu vya bei nafuu. Filamu ya kwanza ya sinema ilipotoka mwaka 1979, Roddenberry mwenyewe aliiandikia riwaya yake, na kampuni ya Pocket Books ikaanza nayo msururu wa vitabu ambao haujakoma hadi leo. Vonda McIntyre akaziandikia riwaya filamu ya pili, ya tatu na ya nne, kati ya mwaka 1982 na 1986.

Kazi hiyo ina masharti. Mwandishi hamiliki wahusika wala ulimwengu wanamoishi. Kampuni ya filamu hupitia muswada wake na kukata isichokitaka, na yeye hawezi kumwua mhusika ambaye filamu ijayo itamhitaji. Kwa sababu hiyo wahakiki wengi huzidharau riwaya hizi na kuziona kuwa bidhaa za kufuatia tiketi za sinema.

Lakini zina jambo ambalo filamu haina, nalo ni nafasi. Katika sinema, Uhura aliketi mbele ya mitambo na kutangaza kwamba ujumbe umeingia. Riwaya zilimpa asili, marafiki na mawazo. Mwaka 1985 Janet Kagan alichapisha Uhura's Song, ambamo ugonjwa wa kuambukiza unaua jamii ya viumbe wanaofanana na paka, na dawa yake inatafutwa kwa kufuata nyimbo ambazo Uhura alijifunza kwa rafiki yake wa jamii hiyo. Afisa aliyekuwa akipokea ujumbe akawa mwenye ujumbe.

Jina lake la kwanza pia lilitoka vitabuni. Kwa miaka mingi hakuna aliyelijua, kwani televisheni haikulitaja. Mwaka 1982 mwandishi William Rotsler, alipokuwa akitayarisha kitabu cha wasifu wa wahusika wa filamu ya pili, aliteua neno la Kiswahili: Nyota. Nichols na Roddenberry waliliridhia. Watunzi wa riwaya wakalitumia, wasomaji wakalizoea, na hatimaye filamu ya mwaka 2009 ikalitamka hadharani. Vivyo hivyo Sulu, nahodha wa usukani, alipewa jina la Hikaru na McIntyre katika riwaya ya mwaka 1981, na filamu ya mwaka 1991 ikalikubali. Watunzi waliodhaniwa kuwa wafuasi tu wa filamu ndio waliozipa filamu majina.

Kwa upande wa Nyota Uhura, mzunguko ulitimia mwaka 2022, pale mfululizo mpya, Strange New Worlds, ulipomtaja kuwa mzaliwa wa Kenya. Nichols alifariki Julai 30 mwaka huo, na sehemu ya majivu yake ikarushwa angani Januari 2024.

Hesabu ya mwisho

Si haki kumtwika Ruark sifa ya jambo ambalo hakulikusudia, wala si haki kumfanya pepo mchafu. Alikuwa mwandishi mwenye kipaji, aliyejua kusimulia mawindo, mvua na urafiki wa mzee na mtoto. Aliandika kuhusu Kenya kwa mapenzi ya kweli. Kosa lake ni la mgeni aliyependa nchi kupitia kwa wenyeji waliomkaribisha mezani, asiwaulize waliokuwa wakiandaa meza hiyo.

Gharama ya kosa la namna hiyo si ndogo. Kwa nusu karne picha ya Mau Mau nje ya Kenya ilikuwa ile ya mapanga na viapo, na vitabu kama vyake viliisaidia kukaa. Ilikuwa Juni 6, 2013 ndipo serikali ya Uingereza ilipoeleza masikitiko yake kwa mateso ya kambini na kukubali kuwalipa Wakenya 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Wengi wa wenzao walikuwa wamekwisha kufa wakiitwa magaidi.

Kwa wasomaji wa leo wa Thika na Ruiru, ambako mashamba mengi ya kahawa yamekatwakatwa kuwa viwanja vya nyumba na barabara pana imepita, riwaya za Ruark zinafaa kusomwa kama ushahidi wa jinsi walowezi walivyoona mambo, na kando yake zisomwe za Ngũgĩ. Na kijana anayetazama filamu za anga za juu anapolisikia jina la Nyota Uhura, ajue kwamba neno hilo lilipigiwa kelele kwanza katika mikutano ya hadhara ya nchi hii, na watu waliolilipia kwa maisha yao, wengine wao wakiwa wamelala Kamiti bila alama ya kaburi.